KIWANJA CHA BONDENI: UNANUNUA ARDHI AU UNANUNUA MTO?

KAMWENE, msomaji wangu! Kama uko Dar au Mwanza na salamu hiyo imekupita pembeni, usijali. Ndivyo tunavyoamkiana huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi ya kugonganisha meno, ambako mtu akivua koti mchana watu wanamuuliza kama anaumwa.

Leo sina habari za nani kaonekana na nani ukumbini. Leo naongelea kitu ambacho kila kijana mwenye akili zake anakiota usiku kuliko hata huyo kidosho wake. Kiwanja, bwana! Kiwanja chako mwenyewe, ukaondokane na mwenye nyumba anayekuhesabia siku kama mfungwa.

Hapa Makambako na kule Njombe, kilomita kama 60 ukielekea Songea, dili linalopigiwa debe vijiweni ni lile la kiwanja cha bei poa bondeni. Mimi mwenyewe dalali alishanikalisha chini akanipigia hesabu. Bei nusu ya vile vya juu. Udongo laini, kuchimba msingi ni siku mbili tu. Maji hapo hapo, hutangaika na ndoo. Karatasi ina muhuri wa mtaa. Ukimsikiliza unaweza kudhani huyo mto umewekwa pale kwa ajili ya kukupambia ua.

Swali nililomuuliza lilikuwa dogo tu: mwezi wa nne maji yanafika wapi? Bwana mkubwa akaanza kuongelea mambo ya barabara itakayopita pale miaka ijayo. Nikamwambia ahsante, nikamlipia chai, nikaenda zangu.

Swali hilo ndilo nataka ukae nalo leo, kwa sababu miji yetu hii miwili bado ina bahati moja ambayo miji mikubwa imeshaipoteza. Bado tunaweza kuuachia mto nafasi yake kabla haujaja kuidai wenyewe.

NANI KAKWAMBIA NI YA DAR PEKE YAKE?

Kuna usemi umezoeleka huku juu kwamba mafuriko ni mambo ya watu wa Jangwani. Sisi tuko mlimani, maji yanatupita tu kwenda kwa wenzetu. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sasa maji yatajaa wapi?

Haya, waulize watu wa Katesh, kule Hanang, mkoani Manyara. Nao wako chini ya mlima. Desemba 3, 2023 mvua ilinyesha, kipande cha mlima kikalainika, tope likashuka na mawe na miti likipita katikati ya makazi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilizokuwa kwenye njia ya tope hilo ndizo zilizolipa.

Msimu huo huo haukuishia hapo. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zile zilizochochewa na El Nino zilikuwa zimeua watu 155 nchini, na zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika. Na kule Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba vilikuwa chini ya maji.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Unajua maji ya Rufiji yanatoka wapi? Mengine yanatoka hapa kwetu! Yale maporomoko ya Ruhuji unayopigia picha kando ya barabara unapoingia Njombe ukitokea Makambako, yanashuka hadi Kilombero, na Kilombero inaingia Rufiji. Upande wa pili, maji yanayoelekea Usangu yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu, halafu nayo yanaishia huko huko Rufiji. Kwa hiyo tunachokifanya mabondeni kwetu kinasafiri bila nauli mpaka kwa watu tusiowajua.

Halafu kuna hili la tabianchi. Wataalamu wanasema hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa kama asilimia 7. Kwa lugha ya kijiweni: ndoo ya angani imekuwa kubwa. Siku ikimwagika, inamwagika haswa. Na kiangazi kikija, jua nalo linakausha kwa fujo. Kwa hiyo mtu wa bondeni anapigwa huku na huku.

MABATI MENGI, SIFONGO KIDOGO

Watu wakiona mto umejaa wanalaumu mvua peke yake. Lakini hebu tupige hesabu ya darasa la sita.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa mita 8. Paa lake ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja, ile ambayo watu wa hali ya hewa wanaiita mvua kubwa, ikinyesha juu ya paa hilo, inaleta lita 4,000. Hizo ni ndoo 200 za lita 20, kutoka nyumba moja! Nyumba 1,000 ni lita milioni 4, sawa na magari 400 ya maji ya lita 10,000, yote yakimwaga kwa pamoja kuelekea bondeni.

Zamani hapo palipo na bati palikuwa na nyasi na udongo. Maji yakinyesha yalikuwa yananywewa taratibu kama unavyomimina maji kwenye sifongo, mto ukapata kidogo kidogo hadi miezi ya kiangazi. Sasa tumeweka bati, sakafu, lami na ua uliosakafiwa kwa saruji ili gari la mgeni lisiingie tope. Maji hayana pa kunywewa. Yanakimbia. Yakifika kwenye mfereji yanakuta chupa za soda, mifuko na maganda ya viazi, yanakasirika, yanapanda barabarani.

Na sisi tunaongezeka, wala si kidogo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Njombe na watu 702,097. Njombe Mji walikuwa 130,223 na Makambako 93,827. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ikaukuta mkoa una watu 889,946. Makambako hii ya njia panda, yenye barabara kuu ya kwenda Zambia, yenye stesheni ya TAZARA na malori yanayolala usiku kucha, inavuta watu kama sukari inavyovuta sisimizi. Njombe nayo ina mbao, chai, viazi na sasa parachichi. Wote hao wanataka pa kulala. Viwanja vya juu vikipanda bei, mlalahoi anateremka. Anateremka, anateremka, mpaka anakutana na mto.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu aliyejenga kwenye mwinuko akiwacheka wa bondeni kwamba ni wakaidi. Si ukaidi kila mara. Mara nyingi ni mshiko. Na maji yanayomfuata kule chini, sehemu yake yametoka kwenye paa lako wewe unayecheka.

DAR WALILIPA ADA, SISI TUSOME BURE

Mto Msimbazi unaanzia upande wa milima ya Pugu, unakatiza jiji la Dar es Salaam na kuingia baharini pale karibu na daraja la Selander. Bonde lake la chini, Jangwani, kila Mtanzania analijua kwa sababu ya klabu ya Yanga na kwa sababu ya mafuriko.

Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha siku chache tu, ikaelezwa kwamba Dar haikuwa imeona mvua kama hizo tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, ikawapa viwanja. Jambo jema. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo. Mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja akatembea kwa miguu kwenda kuuza mihogo sokoni, sasa nauli inakula mtaji. Baadhi yao wakarudi bondeni. Hawakurudi kwa kupenda kulowa. Walirudi kwa sababu tumbo halihamishwi kwa lori.

Mwishoni mwa 2015 likaja greda. Nyumba zikawekewa alama ya X kwa rangi nyekundu, zikabomolewa, akina mama wakabaki wamekaa juu ya magodoro barabarani. Kasheshe ikaenda mpaka mahakamani. Na bado wengine wakajenga tena.

Na si walalahoi tu waliopuuza mto. Karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa hapo hapo Jangwani, na mafuriko yameiingia na kuharibu mabasi. Mto hauulizi kama wewe ni mama muuza mihogo au ni mradi mkubwa wenye wazungu na kompyuta.

Mwaka 2018 ndipo serikali, wataalamu na wakazi walipokaa pamoja kwa miezi kadhaa kutafuta njia nyingine. Wakatoka na mpango ambao kiini chake ni rahisi kuelewa: lile bonde la chini lirudishwe kuwa bonde. Liwe bustani kubwa ya jiji, mahali pa kukimbia mazoezi na kupumzika, ambapo maji yakija yanaenea, halafu yanaondoka bila kuua mtu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo, na baadaye wakazi wakaanza kulipwa fidia ili kupisha mradi, wengine wakilalamika kwamba walichopewa hakitoshi kuanza maisha.

Umeona lakini? Dola milioni 200, pamoja na vifo, na machozi, na kesi, ili kupata kitu ambacho Njombe na Makambako sehemu nyingi wanacho leo asubuhi bure kabisa. Bonde lisilo na nyumba.

MITA 60 NI HATUA NGAPI?

Sheria ipo, wala si ya jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa.

Mita 60 kwa mtu mzima ni kama hatua 80 za kawaida. Anzia ukingoni, yaani pale kingo ya mto inapoishia, wala si pale maji yalipokimbilia mwezi wa kumi wakati mto umebaki kama kamba ya kiatu. Dalali wengi wanapima Oktoba. Wewe pima Aprili.

Na ule muhuri wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano? Unathibitisha kwamba fulani kamuuzia fulani mbele ya mashahidi. Hauibatilishi sheria ya nchi. Siku alama ya X ikija, X haisomi muhuri.

Lakini, msomaji wangu, soma kile kifungu tena pole pole. Kinaongelea shughuli za kudumu na zenye madhara. Halafu kinampa waziri mwenye dhamana ya mazingira nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoendana na hifadhi ya eneo hilo. Maana yake sheria inatofautisha kati ya nyumba ya tofali na vitu vingine. Na hapa ndipo ninapotaka kuwagusa watu ambao mara nyingi hawaitwi kwenye vikao.

AKINA MAMA WA VINYUNGU

Kama hujazaliwa huku, vinyungu ni bustani za bondeni. Mvua zikiisha na bonde likaanza kukauka, watu wanainua matuta kwenye udongo wenye unyevu, wanapanda mboga, maharage, mahindi ya kuchoma. Ndiyo maana Agosti, wakati milimani kumekauka, wewe unakula figili na kabeji bila hata kujiuliza zimetoka wapi. Zimetoka kwa mama mmoja aliyeinama bondeni alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Mvua kubwa zikirudi, maji yanalichukua bonde lao. Huyo mama hapotezi nyumba, hapotezi godoro, hapotezi mtoto. Amepoteza matuta, na mengi alishayavuna. Maji yakiondoka anarudi na jembe. Huo ndio ustahimilivu wenyewe unaoandikiwa ripoti nene huko mahotelini, na wala hakuusomea. Anaishi kwa kalenda ya mto badala ya kugombana nao.

Sasa ajabu ni kwamba mara nyingi linapokuja tangazo la kulinda vyanzo vya maji, wa kwanza kufukuzwa ni yeye, kwa sababu hana mwanasheria wala uzio. Aliyejenga nyumba na kuweka geti anaitwa mezani kujadiliana.

Sisemi vinyungu vyote ni vitakatifu, la hasha. Mtu akilima mpaka kwenye lipu la mto, udongo unaporomoka, mto unajaa mchanga, unakuwa wa kina kifupi na mafuriko yanakuwa rahisi. Akichoma nyasi zote na kumwaga dawa za wadudu, anaweka sumu kwenye maji ambayo mwenzake anachota chini. Hilo lazima likomeshwe. Na kwenye chemchemi penyewe jembe halina kazi.

Lakini kati ya tuta la kabeji na msingi wa zege, lipi linaacha maji yapite? Kati ya mama wa mboga na safu ya milingoti iliyopandwa mtoni, nani anakunywa maji mengi zaidi? Milingoti ina faida yake, nguzo na kuni vinatoka humo, lakini mahali pake ni mlimani, si kwenye miguu ya mto. Ukiwatoa hawa akina mama bila kuweka mpango, bonde halibaki tupu. Linabaki halina mlinzi. Na ardhi ya mjini isiyo na mlinzi wewe unajua nani anaifuata. Dalali!

Wazo langu ni hili. Halmashauri zetu mbili zikae na hawa akina mama, ziwape kanuni za kueleweka: umbali wa kuacha ukingoni, nyasi na mimea ya asili isiyoguswa, hakuna dawa kali, hakuna kuchoma moto. Wao nao wapewe karatasi ya kuwatambua kama watunza bonde, na jukumu la kupiga kelele pale msingi wa kwanza unapochimbwa. Msingi wa kwanza unazuiwa na mgambo mmoja. Msingi wa mia tano unahitaji Benki ya Dunia.

ANAYELOWA NDIYE ANAYEJUA

Utasema, sawa, na wale ambao tayari wanaishi bondeni? Tuwafanyeje, tuwaimbie nyimbo?

Mwaka 2015 vijana wa umri wako, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliingia kwenye kata za Dar zinazojaa maji, kwenye mradi ulioitwa Ramani Huria. Walikuwa na simu mkononi, wakitembea uchochoro kwa uchochoro na wenyeji, wakiweka kwenye ramani kila nyumba, mfereji, kalavati na choo. Wakawauliza wakazi maji huwa yanafika wapi. Hakuna setelaiti inayojua hilo kama bibi aliyepandisha kuku wake juu ya kabati mara tatu. Ramani zikachapishwa, zikapelekwa kwenye ofisi za kata, na ni za bure kwa yeyote anayezitaka.

Nairobi nako kuna funzo, tena la pande mbili. Mukuru ni mtaa mkubwa wa mabanda unaopakana na Mto Ngong. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliutangaza kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakajipanga kwa vikundi vya kaya kumikumi ili kila mmoja asikike wakati wa kuchora barabara na mifereji. Hata sisi mabalozi wa nyumba kumi si wageni kwetu. Lakini mwaka 2024 mvua za masika ziliua karibu watu 300 nchini Kenya, na kule Mathare amri ikatoka kwamba walio ndani ya mita 30 za mto waondoke. Matingatinga yakaingia, kaya zikaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya za kuhamia. Shilingi 10,000 Nairobi! Hiyo ndiyo tofauti ya kupanga na watu mapema na kuwakurupusha wakati maji yako kiunoni.

Sisi Makambako na Njombe vijana tumejaa, simu tunazo, muda wa kukaa kijiweni kubishana kuhusu Simba na Yanga tunao. Jumamosi mbili tu zinatosha kutembea mto wa mtaa wenu, kuweka alama pale maji yalipofika, kuhesabu makalavati yaliyoziba, na kupeleka karatasi hiyo kwa mtendaji wa kata. Aliyehesabiwa hawezi kuambiwa kesho kwamba hakuwepo.

NA WEWE UFANYE NINI?

Unanunua kiwanja? Nenda ukione Machi au Aprili, tena siku ya pili baada ya mvua kubwa. Angalia mimea: matete na mafunjo hayaoti penye ukavu. Angalia mashina ya miti, mstari wa tope unasema kweli kuliko dalali. Muulize mzee wa jirani, si mwenye kuuza. Kisha nenda idara ya ardhi ya halmashauri uone kwenye ramani ya mipango miji eneo hilo limetengwa kwa ajili gani.

Unajenga, hata kama ni mlimani? Weka mabomba ya kukinga maji ya paa na tangi. Lile tangi la plastiki la lita 5,000 linameza mvua yote ya milimita 50 ya paa letu la mfano. Umepata maji ya kufulia, na umempunguzia jirani wa bondeni ndoo 200. Na usisakafie ua wote, acha udongo upumue.

Tayari uko bondeni? Usikae ukisubiri greda wala muujiza. Inua kizingiti cha mlango. Choo cha shimo kiinuliwe na kijengewe, maana maji yakiingia humo na kutembea mtaani, kipindupindu na homa ya matumbo havipigi hodi. Vyeti vya shule, karatasi za kiwanja na kadi za kliniki viweke kwenye mfuko wa plastiki mahali pa juu. Kubaliana na majirani kabla: nani ana filimbi, nani anambeba bibi, na tunakimbilia wapi, shule au kanisa gani.

Na uwe unasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa taarifa za siku tano kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Huku kwetu msimu wa mvua unaanza Novemba hadi Aprili hivi. Ukiona chungwa, usingoje jirani aanze.

Kuna sababu nyingine ya kuupenda mto huu. Juni 2022 serikali ilisaini mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo. Bomba zuri bila mto wenye afya ni mapambo. Wenzetu wa Ruaha Mkuu wanajua: tangu 1993 mto ule mkubwa umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa huko juu Usangu, viboko wakabaki wakigombania tope. Bonde tunalolijaza zege leo ndilo linalohifadhi maji ya bomba la kesho.

Kwa hiyo, dada yangu, kaka yangu, siku dalali akikukalisha na kukupigia hesabu ya bei poa, na wewe mpigie yako. Hatua 80 kutoka ukingoni. Mwezi wa nne. Mzee wa jirani. Akianza kukwambia habari za barabara itakayopita miaka ijayo, mlipie chai uondoke. Na ukirudi mtaani, mpitie yule mama wa mboga, nunua fungu la figili, halafu muulize mto mwaka jana ulifika wapi. Majibu anayo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Vaa koti!